Nyama Tulayo: Halali Yake na Usafi Wake

 

Ndugu mmoja wa Likoni alituletea suali katika darsa, nasi tukaona si la kujibiwa kwa neno moja kisha likapita, kwani lawahusu wote wanaokula nyama pande hizi za bara, tangu Mtongwe hata Mishomoroni, na tangu Magongo hata Mikindani. Alisema hivi: Ng'ombe wa mtaani kwao aliugua siku mbili, hali wala hanywi. Usiku wa pili alipoanguka, mwenyewe alimwita mtu akamchinja kwa Bismillahi, naye ng'ombe angali anatupa miguu. Asubuhi nyama ikauzwa mlango kwa mlango kwa bei rahisi. Baadhi ya watu walinunua, na baadhi wakakataa, na hao waliokataa wakaambiwa kuwa wanaharamisha alichohalalisha Mungu. Je, nyama ile ni halali? Na waliotoa pesa zao wana haki gani?

Suali hili ni zuri kwa sababu laonyesha kosa ambalo wengi wetu tumelikalia miaka mingi bila ya kulijua. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba kisu kikishapita shingoni, basi hapana tena la kuulizwa.

Tuanze na kisu, kwani ndicho cha kwanza. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu ametuharamishia mfu, na damu, na nyama ya nguruwe, na kilichochinjwa kwa jina la asiyekuwa Yeye, kisha akawataja aliyenyongeka, na aliyepigwa akafa, na aliyeporomoka, na aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali, ila yule mtakayemuwahi mkamchinja. Katika neno hilo la kuwahi wanavyuoni wamesema mengi. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamepambanua hali mbili. Mnyama aliyepatwa na sababu ya nje, kama vile kuanguka, kuraruliwa, au kula jani lenye sumu, hahaliliki kwa kuchinjwa ila awe bado ana uhai uliotulia. Akiwa amebakiwa na mtukutiko tu wa mwenye kukata roho, huyo ni kama mayiti. Lakini mnyama mgonjwa, asiyepatwa na jambo jingine lolote la kumuua ila ugonjwa wake, huyo akiwahiwa japo katika pumzi za mwisho, kuchinjwa kwake ni sahihi.

Basi yule ng'ombe wa Likoni, kwa upande wa kisu, si mayiti. Haya twayasema waziwazi ili asije mtu akatusingizia kuwa tumebadilisha fiqhi. Wale waliosema kuwa amechinjwa kisharia wamesema kweli. Walipokosea ni pale walipodhani kuwa kwa kusema hivyo wamemaliza maneno.

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, alipowaamrisha watu kula vilivyomo katika ardhi, aliviwekea sifa mbili, si moja: viwe halali na viwe vizuri. Laiti sifa ya kwanza ingalitosha, ya pili isingalitajwa. Na Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676 wa Hijra (1277), ameandika kwamba chenye kudhuru ni haramu kuliwa, hata kama chenyewe si najisi wala si mayiti. Mawe si najisi, na udongo si najisi, wala hatuvili. Sumu nyingine ni tohara kabisa, na mwenye kuinywa kwa makusudi ameasi. Kwa hiyo nyama yaweza kuwa imechinjwa sawasawa, ikaelekezwa kibla, ikatajiwa jina la Mungu, na bado ikawa haramu kuliwa kwa sababu ya madhara yaliyomo ndani yake. Uharamu wa mayiti ni mlango mmoja, na uharamu wa madhara ni mlango mwingine, na kisu hufunga ule wa kwanza tu.

Sasa, nani ajuaye kama ndani ya nyama mna madhara? Si mchinjaji, hata akiwa mcha Mungu namna gani, wala si imamu wa msikiti. Ni yule aliyesomea maradhi ya wanyama. Naye hatumuulizi juu ya tasmia. Twamuuliza juu ya ini na pafu.

Inafaa tujue kazi yake, kwani wengi wetu twamwona kuwa ni mtu wa kupiga muhuri na kuchukua ada. Kazi yake huanza mnyama yu hai. Humtazama anavyosimama na anavyotembea, anavyopumua, kama macho yake yana uhai, kama pua yatoka ute, kama anaharisha. Mgonjwa hutengwa. Baada ya kuchinjwa, hukata misuli ya taya na kuutazama ulimi na moyo, akitafuta mapovu madogo kama punje za mtama, ambayo ndani yake mna mtoto wa tegu. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, tegu hukua tumboni mwake hata akafika mita 4 na zaidi. (Wapenzi wa mishkaki iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani walisikie hili.) Kisha hupapasa pafu na kuyapasua matezi, kwani huko ndiko kifua kikuu cha ng'ombe kijifichako. Hulikata ini akatafuta minyoo iliyo bapa kama jani, na malengelenge ya maji, ambayo akipewa mbwa kuyala hugeuka tegu ndani ya mbwa, na mayai yake humrudia mtu kwa njia ya mikono na maji. Katika nchi ya Turkana ugonjwa huo umewatesa watu wengi. Kwa ajili hiyo, wenye kuchinja udhiya na akika majumbani mwao nao wasiwatupie mbwa maini na mapafu yenye malengelenge. Wayachome au wayafukie chini sana.

Lakini maradhi mawili makubwa humdhuru mtu kabla hata nyama haijafika chunguni. La kwanza ni kimeta. Mnyama mwenye kimeta mara nyingi hufa ghafula, damu ikamtoka puani na tupuni isigande, wala mwili usikakamae. Sharia ya tiba ni kwamba mzoga wa namna hiyo usipasuliwe kabisa, kwa sababu damu yake ikimwagika, vijidudu vyake hujifanyia ganda vikakaa udongoni miaka makumi. Mchinjaji aliyeitwa usiku kumwahi ng'ombe kama huyo huweka mikono yake mitupu katika damu yenye mauti, na mahali alipochinjia huwa khatari kwa mbuzi na watoto wa mtaa kwa miaka mingi baada yake.

La pili ni homa ya Bonde la Ufa. Hiyo ilizuka baada ya mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 katika nchi ya Garissa na kusini mwa Somalia, ikarudi mwishoni mwa mwaka 2006 hata mwaka 2007, na mara hiyo ya pili ikaua katika Kenya watu zaidi ya 150. Mbu huieneza, lakini wengi waliipata kwa kuchinja, kuchuna, na kushika damu ya wanyama wagonjwa. Serikali ilizuia kuchinja na kufunga minada. Tukumbuke wanyama wanaoliwa Mombasa watoka wapi: wengi waletwa kwa malori kutoka Garissa, Tana River na Taita, na wengine kutoka Kilifi na Kwale. Mombasa haifugi inachokila. Ugonjwa ulioko mbali twauletewa mlangoni, na kibali cha safari pamoja na jicho la mkaguzi ndiyo ukuta wetu. Hata ndugu zetu wa Saudia na Yemen yaliwafika mwaka 2000, homa hiyo ilipotoka nje ya Afrika kwa mara ya kwanza, na Saudia ikazuia wanyama wa Pembe ya Afrika. Kwa Somalia zuio lile halikuondolewa ila mwaka 2009. Wafugaji wasio na hatia walipoteza riziki yao miaka mingi.

Watasema wengine kwamba haya ni mambo ya Wazungu, yaliyokuja na serikali yao. Kweli, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921, na Kamisheni ya Nyama ya Kenya iliundwa mwaka 1950 zama za ukoloni. Lakini Wazungu wenyewe mambo haya wameyajua jana tu. Huko Chicago, mji uliolisha nyama nusu ya dunia, uchafu wa machinjio ulikuwa wa kutisha mpaka mwandishi Upton Sinclair alipoufichua, ndipo Marekani ikatoa sheria ya ukaguzi wa nyama mwaka 1906. Sisi je? Imam Mawardi, aliyefariki mwaka wa 450 wa Hijra, alikwisha kuweka mlango mzima wa hisba katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Na Shayzari, aliyekuwa Sham zama za Salahuddin Ayyubi, aliandika kitabu cha kumwongoza mtazamaji wa soko, na ndani yake mna mlango wa wachinjaji na wauza nyama ambao mtu akiusoma leo atadhani umeandikiwa Kongowea. Amekataza kumburura mnyama kwa mguu, na kuchinja kwa kisu butu, na kuanza kuchuna kabla mnyama hajapoa. Amekataza kuchinja mbele ya milango ya maduka, kwa kuwa njia huchafuka kwa damu na samadi. Amekataza kuipulizia nyama kwa kinywa, kwani pumzi ya mtu huiharibu. Amewataka wauzaji wasiitoe nyama nje ya duka ikagusa nguo za wapitao, na nyama ya mbuzi isichanganywe na ya kondoo, na jioni gogo linyunyiziwe chumvi iliyosagwa ili mbwa wasililambe wala wadudu wasilitembelee. Hayo yalikuwa miaka zaidi ya 700 kabla ya sheria ya Chicago. Mali hii ilikuwa yetu, tukaitupa, na sasa tukirudishiwa na wengine twaikataa kuwa ni ngeni!

Wako na wa upande wa pili, nao yafaa waambiwe. Hao huona muhuri wa rangi juu ya paja la ng'ombe wakasema, "Imepigwa muhuri, ni halali." La, muhuri hausemi hivyo. Muhuri washuhudia kuwa mnyama hakuonekana na ugonjwa. Haushuhudii ni nani aliyechinja wala alitaja nini. Ni mashahidi wawili, kila mmoja na alilolishuhudia, na mwenye kumridhia mmoja akamwacha mwenzake ameamua kesi kwa nusu ya ushahidi. Hata hivyo muhuri huo una faida moja ambayo Mwislamu hapaswi kuidharau: huonyesha mnyama ni wa jinsi gani. Tangu mwaka 2016 yalifunguliwa katika Kenya machinjio ya punda kwa ajili ya ngozi, yakapigwa marufuku Februari 2020, na marufuku ile ikatenguliwa mahakamani mwaka 2021, kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara hiyo. Punda wa kufugwa aliharamishwa siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra. Anunuaye mnofu usio na mfupa, usio na muhuri, uliofungwa katika mfuko wa plastiki na kuletwa kwa bodaboda alfajiri, amejuaje alichokinunua?

Tuingie sasa ndani ya duka, kwani nyama yaweza kutoka machinjioni ikiwa njema kisha ikaharibiwa njiani na dukani. Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, na kanuni zake, zataka nyama ichukuliwe katika sanduku lililofungwa, safi, lisilopakiwa kitu kingine. Nasi twaona mapaja yamelazwa juu ya mkokoteni, yamefunikwa gunia, mchukuzi ameyakalia. Hatutaji mtaa, kila msomaji ataujua wake.

Lakini jambo ninalotaka kulikalia zaidi ni ndoo ya maji. Maduka mengi yana ndoo moja tu. Humo huoshwa matumbo, humo huchovywa nyama iliyoingia mchanga, humo huoshwa kisu, na kitambaa cha kupangusia gogo hukamuliwa humohumo. Maji yakisha kuwa rangi ya chai ndipo hubadilishwa. Watu wakiambiwa habari ya vijidudu hucheka, kwa kuwa hawavioni. Basi tuache vijidudu, tuseme fiqhi. Katika madhehebu ya Shafi, samadi ya kila mnyama ni najisi, hata mnyama aliwaye. Maji yasiyofika kulateni, ambayo wengi hukadiria kuwa karibu lita 200, yakiingiliwa na najisi hunajisika mara moja, japo hayakugeuka rangi wala harufu. Ndoo ni lita 20. Utumbo wenye samadi ukitiwa ndani ya ndoo, maji yale yote ni najisi, na kila mnofu uchovywao humo baada yake hutoka na najisi ambayo haukuingia nayo. Mwenye duka amewauzia Waislamu kitu kilichonajisika, nao wametia chunguni, na mikono iliyokishika imeshika nguo za kusalia. Ama yakimiminwa maji juu ya nyama kutoka bombani au kwa kopo, yakapita na kwenda zake, nyama hutohara. Tazama sharia ilivyokwenda pamoja na tiba: daktari naye asema usiichovye nyama, imiminie maji yaendayo, na matumbo yawe na mahali pake mbali. Mwanafunzi wa chuo aliyeusoma mlango wa maji katika Safinatun Najaa anayo tayari elimu ya kulirekebisha duka la nyama, lakini hakuna aliyemwambia kuwa mlango ule wahusu kitu kingine zaidi ya udhu.

Damu iliyosalia ndani ya mnofu na mishipa imesamehewa. Iliyoharamishwa katika Sura ya Al-An'am, aya ya 145, ni ile imwagikayo. Haya twayataja kwa sababu wako kina mama wanaoiosha nyama mara saba mpaka ikapoteza ladha, na hilo halikutakiwa.

Yaliyobaki dukani ni mepesi kuyaona: kioo au wavu wa kuzuia nzi, kanzu nyeupe iliyofuliwa, cheti cha daktari kwa kila anayeshika nyama, na mtu wa kupokea pesa asiwe ndiye wa kukata. Na tukumbuke joto letu. Nyama iliyochinjwa alfajiri ikitundikwa jua la Mombasa mpaka magharibi si nyama ile tena. Wengine, badala ya kununua barafu, hutafuta dawa. Julai 2019 televisheni moja ya nchi ilifichua kuwa baadhi ya wauzaji wa miji mikubwa hutia nyama sodiamu metabisulfaiti ili wekundu wake usiondoke, ionekane ya leo nayo ni ya juzi. Dawa hiyo huweza kumwamsha mwenye pumu. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu la nafaka akakuta chini kumelowa na juu kukavu, akamkemea mwenyewe na kumwambia aiweke iliyolowa juu watu waione, na kwamba mdanganyaji si katika sisi. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim. Wekundu wa kubandika ni nafaka ile ile.

Wenye maduka nao wana hoja, si haki kuinyamaza. Husema kuwa mkaguzi huchelewa, kuwa machinjio ni machache na mabovu, na kuwa anayechinja kichochoroni humshinda kwa bei aliyelipa ada zote. Ni kweli. Lakini dawa yake i mikononi mwetu zaidi kuliko zamani. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeyaweka machinjio, utabibu wa mifugo na leseni za wauza vyakula katika kazi za serikali za kaunti. Mwakilishi wa wadi huko Likoni au Kisauni huja kutuomba kura, hukaa barazani petu, hunywa kahawa yetu. Ni mara ngapi tumemuuliza juu ya maji ya bomba machinjioni, au juu ya idadi ya wakaguzi? Twamuuliza juu ya barabara na karo, na hayo ni mema, kisha twarudi nyumbani kula tusichokijua.

Sasa twamjibu ndugu yetu wa Likoni. Nyama ile si mayiti, lakini mnyama aliyeugua siku mbili asijulikane ana nini, akauzwa bila ya kukaguliwa, haijuzu kuwauzia watu, na waliokataa kuila wamefanya vema wala hawakuharamisha halali. Muuzaji aliujua ugonjwa akauficha. Hilo peke yake ni ghushi, na mnunuzi ana khiari ya kuirudisha nyama na kupewa pesa zake zote. Aliyekwisha kuila kabla ya kujua hana dhambi, na ana haki ya kurudishiwa tofauti ya thamani kati ya nyama nzima na ile yenye aibu. Ikithibiti kwa wajuzi kuwa nyama ilikuwa yenye kudhuru, basi haikuwa na thamani kisharia, na muuzaji atarudisha pesa zote. Na ambaye bado amebakiza nyama ile nyumbani asimpe paka wala mbwa, wala asiitupe jaani. Awaarifu watu wa utabibu wa mifugo, waje waitazame. Aliyemchinja, na wote walioichuna kwa mikono yao, wakiona homa au kidonda cheusi mkononi waende hospitali siku hiyo hiyo, na wamwambie daktari walichokishika.